Mtungi wa Malkhazi

Kila asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, Tsiala alichota ndoo ya maji kisimani, akaibeba hadi nyuma ya nyumba chini ya mkomamanga, na kumwagilia ardhi mahali ambapo hapakuota kitu. Mgeni angedhani mama wa watu amerukwa na akili. Sisi wa kijiji cha Kvedauri tulijua kilichofukiwa pale. Kulikuwa na kvevri, mtungi wa udongo mrefu kupita mtu, umezikwa wima hadi shingoni, mdomo umezibwa kwa bamba la jiwe, na juu ya jiwe umekandikwa udongo wa mfinyanzi. Ndani yake ulilala mvinyo wa harusi ya mwanawe, Malkhazi. Malkhazi alikwenda vitani Abkhazia akiwa kijana wa kuanza kunyoa ndevu, na hakurudi. Hata maiti yake haikurudi.

Tsiala hakuzaliwa na uso ule wa kununa. Enzi za ujana wake, msimu wa mavuno ulikuwa msimu wake. Wanaume wakiingia kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi kukanyaga zabibu, suruali zimekunjwa hadi magotini, yeye alisimama pembeni na kikapu akiwapa vidonge vyao. Shemeji yake Gurami ndiye aliyekiona cha moto zaidi.

"Gurami, toka humo! Miguu hiyo ikikanyaga, mvinyo wenyewe utaona haya kumlewesha mtu."

"Shemeji, mwaka jana ulikunywa ukaimba mpaka kuku wakahama. Ulikuwa wa miguu hii hii."

"Niliimba kwa uchungu."

Jumberi, mumewe, alikuwa mtu wa maneno machache, kazi yake mvinyo. Malkhazi alizaliwa katikati ya mavuno. Habari zilimkuta Jumberi ndani ya gogo, akatoka mbio vile vile, akaingia chumbani na miguu yenye juisi, akaacha nyayo za kunata kuanzia mlangoni hadi kitandani. Tsiala alimtukana huku analia kwa furaha. Mwaka ule juisi ya kwanza, iliyo tamu kuliko zote, ilikwenda kwenye mtungi wa chini ya mkomamanga. Ilipoanza kuchacha, mtungi ukawa unanguruma, na Jumberi alilala kifudifudi juu ya mdomo wake akiusikiliza, akimwita mkewe naye aje asikilize. Ulipotulia akauziba. Desturi yetu ni hiyo: mtoto wa kiume akizaliwa, baba huziba mtungi mmoja, na haufunguliwi mpaka siku anayooa. Baba anaweza kufa kwa kiu pembeni yake, hagusi.

Basi Malkhazi akakua, akaenda vitani, vita vikaisha. Wenzake waliorudi walisema walimwona mara ya mwisho karibu na mto, kisha ukaja moshi, kisha hawakumwona. Jumberi alizunguka ofisi na hospitali za jeshi mpaka viatu vikaisha soli. Aliporudi safari ya mwisho alilala kitandani na hakuamka tena mzima. Siku chache kabla ya kukata roho alimwita mkewe.

"Ule mtungi wa kijana," alisema. "Udongo wa juu usikauke. Ukikauka utapasuka, hewa itaingia, mvinyo utakuwa siki. Usiuache ukauke, Tsiala."

"Hautakauka," Tsiala alijibu. Akaitunza ahadi hiyo kuliko kiapo cha kanisani.

Kwetu karamu haiendi bila tamada, msemaji anayeinua bilauri na kutaja kila linalopaswa kunywewa: amani, wazazi, watoto, wageni. Na hufika zamu ya marehemu. Hapo watu husimama, humwaga tone la mvinyo juu ya mkate, hutaja majina ya waliotangulia, hunywa kimya. Gurami ndiye tamada wetu. Kila alipofika zamu hiyo, akiwapo Tsiala, alitafuta njia ya kuliruka jina la Malkhazi. Mara moja tu, mjomba mmoja wa kijiji cha jirani, asiyejua, alimwaga tone na kusema, "Na Malkhazi wetu." Tsiala alimnyang'anya ule mkate mkononi, akautupa motoni, akaondoka. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Kanisani pia aliwasha mshumaa wa mwanawe upande wa walio hai, na padri alitazama kando.

Binti yake Tamta alikulia ndani ya kimya hicho. Alikuwa mtoto mdogo wakati kaka yake anaondoka. Alijifunza kula taratibu, kucheka nje ya nyumba, na kutokanyaga chini ya mkomamanga. Hakuna aliyemzibia mtungi yeye, maana mabinti hawazibiwi. Akakua akawa msichana mzuri mwenye mkono mwepesi wa kupogoa mizabibu, akachumbiwa na Merabi, fundi seremala wa kijiji cha ng'ambo. Harusi ikapangwa baada ya mavuno.

Mavuno hayakuja. Alasiri moja mwishoni mwa kiangazi mbingu iligeuka rangi ya chuma, mvua ya mawe ikashuka, na ilipokwisha, mizabibu ya Tsiala ilisimama vijiti vitupu. Zabibu zilikuwa chini, zimepondeka kwenye matope, nyigu wameshaanza kuzizunguka. Bondeni upande wa pili haikuanguka hata punje. Hiyo ndiyo mvua ya mawe ilivyo, haina adabu. Na mvinyo wa mwaka uliopita, mdogo kama ulivyokuwa, ulikuwa umeshauzwa ili kushona nguo za harusi.

Gurami alikuja siku iliyofuata, kofia mkononi. Tsiala alipoiona ile kofia mkononi alijua.

"Usiseme," alimwambia.

"Shemeji, sijafungua mdomo."

"Basi ufunge hivyo hivyo."

"Bibi harusi atatoka nyumba ya Jumberi, nyumba iliyokuwa na mvinyo bora bonde zima, halafu tuwape wakwe mvinyo wa dukani? Wa chupa? Jumberi atageuka kaburini."

"Jumberi ndiye aliyeniachia amana."

"Malkhazi angekuwapo, angeufungua mwenyewe kwa ajili ya dada yake. Unajua hivyo."

"Atakapokuwapo, ataufungua," Tsiala alisema, na akamgeuzia mgongo.

Tamta alikuwa amesimama mlangoni, unga wa mahindi mikononi, amesikia yote. Aliingia ndani, akanawa, akarudi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

"Mama, mimi niko hapa."

"Nakuona."

"Hunioni. Kila asubuhi unampelekea maji yeye kwanza. Mimi nimekaa nyumba hii miaka yote hii, nakula na wewe, nakuuguza wewe, na unamngoja yeye. Nikitaka unitazame nifanye nini? Na mimi nipotee?"

"Tamta!"

"Nitaandikisha ndoa na Merabi mjini, mbele ya karani, tumalize. Hakuna karamu. Hutakuwa na haja ya kuja. Wewe baki na mtungi wako."

Akatoka na kwenda kwa mama wa Merabi, na hakurudi kula. Tsiala aliketi jikoni, mikono mapajani. Aliogopa. Kuufungua mtungi ule kulikuwa ni kusema kwa mikono yake mwenyewe kwamba hakuna bwana harusi anayekuja. Alipojaribu kuwaza jambo hilo hadi mwisho, aliachia katikati, kama alivyoachia kila mara. Lakini safari hii kulikuwa na kiti kingine kitupu mezani, na mwenye kiti hicho alikuwa hai, nyumba chache tu kutoka pale. Huyo angempoteza kwa ukaidi wake, bila vita vyovyote.

Asubuhi hakuchota maji. Alichukua jembe, akamwita Gurami, akamtuma mtu kwa Tamta. Tamta alipofika alimkuta mama yake chini ya mkomamanga, kitambaa cheusi kimefungwa kwa nguvu kichwani.

"Ni wako," Tsiala alimwambia. "Oa nao. Olewa nao. Sijui inavyosemwa, kaka yako amekupa."

Tamta alimkumbatia na kulia waziwazi, na Tsiala naye akalia, na Gurami akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Kisha Gurami akapiga magoti na kuanza kuondoa udongo. Alitarajia kuupasua kwa shida, udongo wa mtungi uliozibwa vizuri hukaa mgumu kama ngozi ya ng'ombe. Huu uliingia vidoleni kama uji. Alichota konzi, konzi nyingine, na chini yake, pale udongo ulipopaswa kushikana na ukingo wa jiwe, hapakuwa na kitu. Ulikuwa umeoshwa wote. Aliinua jiwe, na badala ya ile harufu inayowafanya wanaume wazima wafumbe macho, ilitoka harufu ya kisima kilichoachwa.

Akashusha kata yenye mpini mrefu. Kilichopanda nayo kilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na utando mweupe ukielea juu.

"Umekaa mno kidogo," Gurami alisema haraka. "Mvinyo mkongwe huwa hivi juu. Labda huko chini..."

"Nipe."

"Shemeji, subiri nichote chini..."

"Nipe, Gurami."

Tsiala alikunywa, akameza yote. Yalikuwa maji, maji ya kisima chake, yaliyooza, na nyuma yake kabisa uchungu mdogo sana wa kitu kilichowahi kuwa zabibu. Gurami alishusha kata hadi mwisho wa mpini, mara ya pili na ya tatu, na chini kulikuwa vile vile.

"Ulikuwa unaumwagia kiasi gani?" Swali lilimponyoka, na mara akatamani alirudishe.

"Ndoo."

"Kwa wiki?"

"Kila siku."

Kiganja cha maji ndicho alichomaanisha Jumberi, ya kunyunyiza tu kiangazi kikizidi. Kila mtoto wa bonde letu angelijua hilo, na Tsiala alilijua pia, zamani, kabla hofu haijamshika. Hofu ilimwambia kiganja hakitoshi. Siku za mvua pia alimwagia. Siku ambazo aliota ndoto mbaya alimwagia mara mbili. Yale maji yalilainisha udongo, yakaubeba, yakapenya chini ya jiwe, na mwaka baada ya mwaka yakauzamisha mvinyo wa Malkhazi. Hakuna adui aliyeugusa.

"Mama, si kosa lako," Tamta alisema.

"La nani?"

Gurami aliukomba mtungi kwa ndoo, akiyamwaga yale maji mbali, kwenye mfereji wa barabarani, ili Tsiala asiyaone. Habari zilifika kijijini kabla hajamaliza, na majirani wakaanza kuja langoni, huyu akisema ataleta mtungi wa mvinyo, yule madumu mawili, karamu itakuwapo, Tsiala asijali. Tsiala aliwashukuru wote kwa adabu. Adabu ile haikuwa yake. Watu wakaondoka, Gurami akaenda kupanga meza za kuazima, Tamta akaingia jikoni kuwasha moto.

Alipotoka kumwita mama yake, hakumwona. Sebuleni hayupo, kisimani hayupo. Chini ya mkomamanga kulikuwa na viatu viwili, vimepangwa sawasawa, na ncha ya ngazi imechomoza mdomoni mwa kvevri.

Kwetu mwanamke haingii mtungini, na hata mwanamume haingii kabla ya kushusha mshumaa. Mshumaa ukizimika, ujue hewa ya humo inaua. Tumezika watu wazima wenye akili zao walioharakisha. Tamta hakuona mshumaa wowote. Alikimbia, akajitupa kifudifudi, kichwa kikaingia gizani.

"Mama! Mama, panda! Panda sasa hivi!"

Akajisogeza mbele zaidi, mabega nayo yakaingia.

"Mama, nakuomba! Usinifanyie hivi! Nimebaki na nani? Mama!"

"Usipige kelele, mwanangu. Humu kelele zinazunguka."

Sauti ilikuwa shwari, na hiyo ilimtia Tamta hofu zaidi. Macho yake yalizoea giza, akamwona: amekaa chini kabisa kwenye tope, magoti kifuani, kiganja kimeegemea ukuta wa mtungi. Alikuwa amekonda sana miaka hiyo. Mdomo wa mtungi ambao zamani usingempitisha ulikuwa umempitisha bila kumkwaruza.

"Humo kuna hewa mbaya. Toka, mama."

"Ningekuwa wa kufa ningekwisha kufa."

"Unafanya nini humo?"

Tsiala alipitisha mkono kwenye ukuta, kwenye nta ambayo Jumberi alikuwa ameipaka, na mkono ukarudi na utelezi.

"Nilikuwa natafuta mahali pa kulisemea," alisema. "Huko juu kila mahali kuna watu."

Tamta alishika ukingo wa mtungi kwa mikono miwili.

"Malkhazi amekufa," Tsiala alisema.

Mtungi ulilichukua jina, ukalizungusha, ukalipandisha. Tamta alilisikia likipita usoni pake. Alingoja mama yake alikanushe. Hakulikanusha.

"Ndiyo, mama," Tamta alisema, machozi yakidondoka gizani. "Amekufa."

Kisha chini kukawa na mtikisiko, na Tsiala akasimama, akishika ukuta.

"Shusha brashi, niuoshe," alisema. "Na maji."

"Kiasi gani?"

"Mengi."