Majina ya Watu wa Shimoni Genkuru

Bado naikumbuka siku moja ya machimboni Genkuru, mwanangu, enzi za dhahabu, vijana walipomiminika kutoka Machochwe, Mugumu na hata ng'ambo ya Sirari. Nilikuwa nimetoka chuoni, najua kompyuta, natembea kama mtu aliyeivumbua mwenyewe. Ah, ujana ule! Karasha za kusaga mawe zikinguruma kutwa, vumbi hadi kwenye kope, na uji wa Mama Ghati kando ya shimo, ambao sijaonja tena mfano wake.

Kamati ya wachimbaji ilinipa kazi ya kutengeneza mfumo wa kuandikisha anayeshuka shimoni na anayetoka. Karani mmoja angeandika kibandani kando ya shimo, viongozi wangesoma kwa simu zao. Kazi ndogo. Mimi nikaona udogo huo hautanipa sifa. Programu nikaiweka kwenye kompyuta ya kibandani, lakini majina nikayahifadhi kwenye seva kubwa ya hifadhidata, mjini Tarime, ofisini kwa rafiki yangu. Kila jina likawa linasafiri kwa mtandao, kwenda na kurudi.

Asubuhi ya siku hiyo ninayoikumbuka mvua ilinyesha, mtandao ukakatika. Muda si mrefu ukuta wa shimo ukaporomoka. Watu walitoka mbio, wamejaa tope, hawatambulikani. Msimamizi akanijia.

"Marwa, nani amebaki chini?"

Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Ukurasa mtupu.

Aliyetuokoa ni Mama Ghati. Aliwajua wateja wake wote kwa sura. Alipita akiwafuta tope usoni kwa kanga yake, mmoja mmoja, kisha akasema, "Mwita wa Machochwe simwoni." Wenzake wakachimba upande aliokuwa akifanyia kazi. Wakamtoa mguu umevunjika, lakini anapumua.

Jioni nilikwenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie, Marwa. Watu wako hapa, shimo liko hapa. Majina yao umeyapeleka Tarime kufanya nini?"

Hadi leo nikilikumbuka swali hilo naona aibu.

Wiki ileile nikabadilisha. Nikatumia hifadhidata nyepesi, ile inayokaa ndani ya programu yenyewe, isiyohitaji seva, kila kitu katika faili moja kwenye kompyuta ya kibandani. Kila jioni nilitoa nakala kwenye flashi na kuondoka nayo. Mvua ilinyesha mara nyingi baada ya hapo, mtandao ukakatika, na majina yalionekana palepale kibandani.

Basi mwanangu, unapojenga mfumo, uliza kwanza nani anaandika, wangapi kwa mara moja, na mtandao ukikatika nani ataumia. Kama faili moja inatosha, usione haya kuitumia, ila nakala usisahau. Siku waandikaji watakapokuwa wengi, kutoka mashine nyingi kwa pamoja, hapo tafuta seva kubwa, wala usiikatae kwa ukaidi. Mungu akupe akili iliyotulia, na kazi ya mikono yako imrudishe kila mtu kwao akiwa salama.