Jamaa yangu alivyoishitaki jela ya kaunti akiwa humo humo ndani, bila wakili

Wakuu, poleni na majukumu. Hii si chai, simu zake nilikuwa napokea mimi mwenyewe.

Mwaka 2018 tukiishi Grand Prairie, huku Marekani, rafiki yangu Idrisa, mtu wa Tanga mwenye kisukari, alikamatwa kwa ugomvi wa parking. Dhamana ikashindikana, akabaki jela ya kaunti kusubiri kesi.

Kule chakula kinakuja alfajiri, insulini, ambayo ilipaswa ichomwe kabla ya kula, inakuja wakijisikia. Kidonda cha mguu kikagoma kupona, daktari akamwonya kwamba ikiendelea hivyo mguu utakatwa. Akapeleka malalamiko kwa wakubwa wa jela, akakata rufaa humo humo. Wapi!

Jumuiya yetu ikakaa kikao Carrollton. Wabongo tunavyojijua, ajenda ikawa moja: nani anamfahamu mkubwa pale jela? Mzee mmoja akajitapa kuwa anasali na mtu ambaye shemeji yake ni askari. Tukapiga makofi kabisa!

Idrisa alipopiga simu nikamwambia atulie, tunamtafutia mtu.

Akacheka. "Kaka, mtu wa nini? Nimeshafungua kesi federal, mahakama ya serikali kuu. Nimeandika mwenyewe kwa mkono."

Unamshitaki mtu anayeshika funguo za mlango wako? Tena peke yako, maana wakili aliyepewa na korti alikuwa wa kesi ya ugomvi tu.

Wakuu, jamaa ana moyo. Sheria alijisomea kwenye kompyuta ya jela, kwa zamu. Jaji akafuta madai yake karibu yote, likabaki hili la dawa. Kumbe kesi nyingi za wafungwa hufia hapo hapo mwanzoni.

Siku ya kusikilizwa niliomba off, nikakaa nyuma. Akaletwa na pingu, anachechemea. Jaji akamuuliza anataka nini hasa. Nikajua sasa zinatajwa dola.

Akajibu kwa Kiingereza chake cha Tanga, bila kutetemeka: anataka insulini kabla ya chakula, yeye na wagonjwa wote wa kisukari mle ndani. Basi.

Mawakili wa kaunti wakatoka kushauriana. Waliporudi wakakubali, jaji akaifanya amri.

Kesho yake akapiga: "Kaka, leo tumechomwa wote, ndipo chakula kikaja." Nilijifungia chooni kazini nikalia.

Nilichojifunza: anayejua anachodai, na haogopi, anasikilizwa hata akiwa na pingu. Namheshimu mno yule bwana. Mguu wake anao hadi leo.

Mliowahi kuwa na ndugu aliyenyimwa dawa ndani, mlifanyaje? Semeni hapa. Kuna mtu anasoma huu uzi na wa kwake yuko ndani sasa hivi.