Ule Wimbo kwa Sauti ya Chini

Wiki yangu ya tatu Kibondo nilipeleka kitambaa kwa fundi cherehani mmoja jirani na soko, nikamkuta anaimba wimbo wa baba yangu.

Hakuwa akiimba kwa Kiingereza. Maneno yalikuwa ya Kirundi, na mguu wake ulikanyaga cherehani polepole kufuata mwendo, lakini tuni ilikuwa ileile, hata pale inapopanda, ikasita kidogo, halafu ikaruka juu kabisa. Nilisimama mlangoni na kitambaa kwapani. Nilikuwa nimetoka Muheza, mwalimu wa jiografia aliyepangiwa shule asiyoijua, na tangu nishuke kwenye basi sikuwa nimekutana na kitu hata kimoja cha nyumbani.

"Dada, huo wimbo umeutoa wapi?" nikamuuliza hata kabla ya salamu.

"Wa kanisani huo. Wa kwaya yetu."

"Si wa kanisani. Ni wa wazungu, wa magitaa. Wa zamani sana."

Akaacha kukanyaga. Akanitazama kuanzia viatu mpaka ushungi. "Wewe na ushungi wako ndiye utakayenifundisha nyimbo za kanisa letu?"

Nikatoa simu, nikamchezea. Alisikiliza mpaka mwisho, chaki ya kuchorea kitambaa ikiwa mkononi. Ulipokwisha hakubishana wala hakukubali. Alisema neno moja tu: "Rudia."

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha mkonge. Kaseti zake zote zilikuwa taarabu na dansi, isipokuwa huo wimbo mmoja wa kigeni, uliorekodiwa kutoka redioni na sauti ya mtangazaji ikiwa imebaki mwanzoni. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu vya mashine, kwa hiyo maneno aliyajua kwa mlio tu. Nilipofika kidato cha pili nikamtafsiria: mwanamume anamwambia mwenzake aliyerudi baada ya muda mrefu kwamba hatamuuliza alikuwa wapi, ameshafika, inatosha, akae. Baba akasema, "Nilijua ni kitu kama hicho." Alifariki mwaka niliomaliza chuo.

Yule fundi alikuwa na miaka kumi hivi kunizidi. Wazazi wake walikuja na vita vya Burundi, naye alikulia kambini, baadaye familia ikapata uraia na shamba upande wa Mabamba. Tulikuwa tunausikiliza ule wimbo kwa mara ya tatu siku hiyo mwanamume mmoja alipoingia kupunguza suruali. Alikuwa bwana shamba wa wilaya, mtu wa Mbeya, mrefu, mwenye tope la shambani mpaka magotini. Alisikiliza kidogo akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya kawaida," akasema. "Nzuri ni ile aliyoiimba yule mama mwenye kinanda."

Tukamgeukia wote wawili kama mtu aliyetutukania mzazi. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Kila Jumamosi mchana, wateja wakishapungua, tulikutana kwenye chumba cha cherehani. Aliyeleta toleo jipya la ule wimbo alipewa nafasi ya kulicheza lote, na wengine walikatazwa kusema kitu kabla halijaisha. Halafu ndipo ugomvi unaanza. Bwana shamba alileta la rege, fundi akalipiga marufuku humo ndani. Mimi nilileta la kwaya ya watoto wa nchi ya mbali, likamliza bwana shamba, akasingizia vumbi la pamba. Kulikuwa na la Kikongo ambalo fundi alilinasa kutoka kwa muuza simu mmoja kambini: dakika tatu za upole, halafu magitaa yanafyatuka na kila mtu anacheza. Nilikataa kwamba huo bado ni wimbo uleule. Fundi alisema ni uleule, ila umepona.

Baadaye bwana shamba akaanza kuja na gitaa lake. Fundi aliimba sauti ya pili, mimi nikaongoza, kwa sababu mimi peke yangu niliweza kufika pale juu. Nilipafikia bila kujikaza. Nikifumba macho niliona mikono ya baba yenye grisi ikitulia juu ya meza, kwa sababu sehemu hiyo ikifika alikuwa haigusi spana.

Mwaka wa pili nikaota rovu. Mwanzoni ulikuwa uvimbe mdogo shingoni niliouficha kwa ushungi, kisha nikaanza kukosa pumzi nikipanda ngazi za darasani. Nilipelekwa hospitali kubwa ya mbali, na daktari wa upasuaji hakunificha kitu.

"Mwalimu, mshipa unaoendesha sauti umepita hapohapo, na uvimbe umeuzunguka. Nitajitahidi kuukwepa. Lakini siwezi kukuahidi."

Nilipozinduka nilijaribu kumwita nesi, ikatoka hewa tupu.

Sikumlaumu mtu, nilikuwa napumua. Lakini nilirudi Kibondo nikiwa mwalimu asiyeweza kusema. Mkuu wa shule, mtu mwema tu, aliniita ofisini. "Maktaba inahitaji mtu," akasema. "Kule hutahitaji sauti. Nimeshaongea na wilaya."

Nikachukua kalamu yake na karatasi iliyokuwa mezani, nikaandika kwa herufi kubwa: NABAKI DARASANI. Akasoma, akanitazama. Nikayapigia maneno hayo mstari chini.

Kidato cha pili walikuwa darasa langu. Siku ya kwanza niliandika ubao mzima, nikageuka, nikaanza kunong'ona habari za mito. Wa nyuma hawakusikia. Basi msichana mmoja akasimama, akabeba dawati lake mpaka mbele, na wengine wakafuata bila kuambiwa, mpaka darasa lote likawa limenizunguka kama watu wanaoota moto. Miezi kadhaa tulisoma hivyo.

Hospitali walinipa mazoezi: kusukuma ukuta kwa mikono miwili huku nikitoa sauti ya "aaa", mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Nilisukuma ukuta wa nyumba yangu ya kupanga mpaka rangi ikatoka. Jirani mmoja alisikia ninavyohema, akaja mbio siku ya pili akidhani nimeshikwa na uchungu wa kuzaa. Siku ambazo sikutaka, fundi alikuja kusimama mlangoni.

"Umeshasukuma?"

Nilitikisa kichwa kukataa.

"Sukuma. Nitakungoja." Na alingoja kweli, ameegemea mlango, anakata nyuzi za nguo za watu.

Mwezi wa tano wa mazoezi ikatoka sauti. Si yangu. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nilishukuru, maana wanafunzi wa nyuma walinisikia na madawati yakarudi mahali pake. Lakini Jumamosi ile nilipojaribu ule wimbo, nilipofika kwenye kupanda, koo lilifunga. Nikarudia. Likafunga.

"Nishushe gitaa," bwana shamba akasema. "Tuuimbe chini. Hakuna tabu."

"Sitaki chini."

"Mwalimu, ni ufunguo wa gitaa tu. Wimbo ni uleule."

"Ukishushwa si wimbo wa baba yangu!" Nilijaribu kupaza sauti, ikakatika katikati ya neno baba. Nikachukua mkoba nikaondoka.

Miezi mingi nilijishughulisha na kitu kimoja: kurudi pale juu. Niliongeza mazoezi hadi nikakohoa damu kidogo, na kwenye simu mtaalamu wa sauti wa ile hospitali akanigombeza kama mtoto. Bwana shamba alihamishiwa Kasulu, akapanga nyumba njia ya Kabanga, tukawa tunatumiana matoleo kwa WhatsApp tu, bila maneno mengi. Nilikuwa bado na hasira naye kwa kuwa alisema jambo lililokuwa kweli.

Likizo moja fundi akaniambia, "Twende Mabamba ukamsalimie mama."

Mama yake alikuwa amekaa uani anachambua maharage. Nilimsalimia kwa Kirundi nilichofundishwa njiani, akacheka matamshi yangu mpaka akashika mbavu. Baada ya chakula fundi akamwomba aimbe ule wimbo wa kwaya ya kambini. Bibi akafuta mikono, akaimba akiwa amekaa vilevile, ungo mapajani.

Aliuimba chini. Chini kuliko nilivyowahi kuusikia kwenye toleo lolote. Na pale pa kupanda hakupanda: alishuka, polepole, kama mtu anayeweka kitu chini ili kisivunjike. Fundi akaingia na sauti ya pili juu yake. Nikasahau kwamba nilikuwa nahesabu nani amefika juu kiasi gani.

"Kwa nini hapo mnashuka?" nikauliza, fundi akatafsiri.

Bibi akaeleza kwamba kiongozi wa kwaya yao aliunasa huo wimbo redioni, akauwekea maneno ya Mungu anayempokea mwanawe aliyerudi bila kumhoji. Lakini hema lao la mazoezi liligusana na hema la wagonjwa. Wakifika pale juu, nesi anatokea: nyamazeni, kuna watu wamelala. Basi wakajifunza sehemu hiyo kwa chini, kwaya nzima, na hata walipopata kanisa lenye kuta hawakubadilisha tena.

Nikamchezea kwenye simu ule wa kwanza, ule wa kaseti ya baba. Akausikiliza kwa adabu. Kisha akamwambia binti yake jambo kwa uso mkavu kabisa.

"Anasema hawa wazungu wametuibia," fundi akasema, "ila hawakuusikia vizuri."

Nilicheka mpaka mshono wa shingo ukavuta. Tulipokuwa tukirudi Kibondo nilimwomba fundi anifundishe ile njia ya kushuka. Usiku haukuingia kabla sijamtumia bwana shamba ujumbe: "Shusha gitaa. Samahani kwa siku ile." Akajibu kwa kunitumia mdundo wa gitaa, tayari umeshushwa. Alikuwa ameurekodi muda mrefu, hakujua aanzie wapi kuutuma.

Tulifanya mazoezi miezi mitatu, Jumamosi moja Kibondo, nyingine Kasulu kwake. Nilikuwa na siku niliyoitaka: mahafali ya kidato cha nne. Wale walikuwa ndio walionisogezea madawati, na nilitaka wanisikie kabla hawajaondoka. Nilimfuata mkuu wa shule nikaomba dakika tano kwenye ratiba.

"Unataka kusoma risala?" akauliza.

"Nataka kuimba."

Akachukua kalamu, akaandika jina langu kati ya ngonjera na hotuba ya mgeni rasmi.

Siku hiyo jua lilikuwa kali na turubai lilipigwa na upepo. Fundi alikuwa ametushonea nguo za kitambaa kimoja, na suruali ya bwana shamba kwa mara ya kwanza ilikuwa safi. Nilishika kipaza sauti. Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ulikwama, ukatoa mkwaruzo uliosikika mpaka kwenye safu za wazazi, na nikasikia mtu akiguna. Nilimeza mate, bwana shamba akazungusha gitaa mara moja zaidi kunisubiri, nikauanza upya mstari uleule. Ukatoka. Tulipofika pale pa kupanda nilishuka kama nilivyofundishwa, fundi akaja juu yangu kwa Kirundi, mimi chini kwa Kiswahili changu nilichokitunga mwenyewe. Mara ya pili wanafunzi walikuwa wameshashika kiitikio. Waliimba kwa sauti zote walizonazo, vibaya na kwa furaha, na nikawaacha wanizidi.

Mwanafunzi mmoja alirekodi akaweka mtandaoni. Jumamosi iliyofuata, tukiwa kwenye chumba cha cherehani, niliwasomea wenzangu maoni. Mtu mmoja tusiyemjua aliandika kwamba ameupenda huo wimbo tangu ujana wake na hajawahi kusikia ukiharibiwa kiasi hicho. Mwingine aliuliza yale maneno ya Kirundi yanapatikana wapi, mama yake ameyatambua.

"Yule wa kwanza mjibu aje aimbe yeye," fundi akasema, sindano mdomoni.

"Muache," bwana shamba akasema. "Anaupenda kama sisi."

Nilimjibu yule wa pili. Niliandika maneno yote, beti kwa beti, fundi akinisahihisha Kirundi changu, na kazi hiyo ikatuchukua mchana wote.