Siku Niliyoizima Kompyuta ya Homa Bay

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nalisema mapema ili msomaji asijisumbue kunitafutia makosa. Yapo, na hayajawahi kuninyima chakula. Nilianza kwa kuosha vipuri katika gereji ya mtu pale Migori, nikiwa sina hata kiatu, na kufikia miaka ya tisini nilikuwa na mashine mbili za kusaga unga na nyumba ya mabati yenye veranda. Hakuna aliyenishika mkono. Mke wangu alinishika, ndiyo, lakini yeye alinishika kola.

Injini ya dizeli naijua kwa masikio. Fundi wa kawaida huisikiliza ikiwaka. Mimi huisikiliza ikizimwa. Injini nzima hukata roho taratibu, puf, puf, puf, kama mzee anayelala baada ya kushiba. Ile inayokufa ghafla, kama mtu aliyegongwa, ujue ndani kuna kitu kimeshika, na mwenye kukuuzia anakudanganya. Niliwahi kununua mashine kule Oyugis kwa kuizima mara moja tu. Mwenyewe alikuwa akinieleza habari za pistoni, nikamwambia anyamaze, imeshaniambia yenyewe. Mashine hiyo inasaga mpaka leo.

Basi pale penye mashine yangu ya Migori ndipo dunia ilipokuwa ikizungumzwa. Akina mama wakingoja zamu na madebe yao ya mahindi, redio iko dirishani, na kila mtu ana maoni. Mwaka wa tisini na saba redio ikasema Wazungu wametengeneza kondoo bila dume. Wamechukua chembe ya kondoo mmoja wakatoa kondoo mwingine, sawasawa naye, kama nakala ya cheti.

Mzee mmoja wa kanisa la Sabato, aliyekuja kusagiwa mtama, alitikisa kichwa mpaka kofia ikahama. "Mungu alipumzika siku ya saba," akasema. "Hawa wameona amepumzika, wakaingia karakana yake."

"Kondoo si shida," akasema mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Kuria. "Nangoja wafike kwa ng'ombe. Mkwe akileta mahari, ng'ombe kumi wanaofanana kabisa, utajuaje amekuletea kumi? Labda amekuletea mmoja, anamzungusha nyuma ya boma mara kumi!"

"Mimi waniache," akasema mama aliyekuwa ameketi juu ya debe lake. "Wakitengeneza mume mwingine kama wangu, nahamia Tanzania siku hiyo hiyo. Huyu mmoja tu namweza kwa shida."

Nilicheka, kisha nikasema langu. Nilikuwa na fahali mwekundu, mwenye nundu kama kilima, na alikuwa anazeeka. Nikasema waje wamchukue chembe hata kesho, nitawakamatia mwenyewe. Lakini mtu, hapana. Mtu hanakiliwi. Sisi Wajaluo tulishajaribu. Mimi nilipozaliwa nililia siku tatu, wakanitajia majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja, na lilipotajwa la babu yangu nikanyamaza. Basi wote wakasema babu amerudi. Nimekaa na jina lake maisha yangu yote, na nawaambia sikurudi. Babu alikuwa na wake wanne na hakuweza kufungua hata nati. Mimi nina mmoja, na nati nafungua kwa meno.

"Huenda babu alikuwa na meno mabovu," akasema yule mama, watu wakacheka mpaka unga ukamwagika.

Miezi michache baadaye redio ikaja na jingine. Wamarekani wamepeleka kigari kidogo kwenye sayari nyingine, kinatembea huko peke yake, kinapiga picha mawe. Hapo mimi nilikasirika kweli. Gari limepelekwa mahali pasipo na barabara wala abiria, na sisi barabara ya Homa Bay iko hapa hapa duniani, ina mashimo ya kuzikia watu, hakuna aliyeipelekea hata greda moja. Nikasema kazi hiyo ni ya watu walioshiba.

Binti yangu wa pili alikuwa akipima mahindi kwenye mizani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, mtoto mkimya, lakini akisema amesema.

"Baba, hicho kigari kina dereva."

"Wamesema hakina mtu ndani."

"Dereva yuko Marekani. Amekaa kwenye kiti, mbele yake kompyuta. Anakiambia geuka, kinageuka."

"Amekaa?"

"Amekaa."

"Basi hiyo si kazi. Hayo ni mapumziko."

Wote wakacheka, yeye hakucheka. Aliandika kilo za yule mama, akaweka kalamu sikioni, akasema, "Mimi nataka mapumziko hayo."

Hapo ndipo nyumba yangu ilipopata moto. Nilikuwa nimemtafutia nafasi ya chuo cha ualimu kwa kutembea mpaka soli ikaisha. Barua ilikuwa imekuja, anatakiwa kuripoti Jumatatu ile ya mwisho wa Agosti. Ualimu ni kitu unachokijua: ubao, chaki, kiboko, pensheni. Yeye akatoa karatasi nyingine. Kulikuwa na mama aliyefungua chumba cha kompyuta Homa Bay, anafundisha, na darasa jipya linaanza Jumatatu hiyo hiyo. Angekaa kwa dada ya mama yake. Jumatatu moja, vyuo viwili, na mtoto ni mmoja. Nikajiambia hapa ndipo wale Wazungu wa kondoo wangenisaidia.

Nilisema hapana. Nikasema hapana tena wakati wa chakula, maana kulikuwa kimya na nilitaka isikike. Mke wangu alikuwa akigeuza dagaa wa omena kwenye sufuria, hakugeuka kunitazama.

"Mzee, wewe hununui hata mkanda wa mashine bila kuuvuta," akasema. "Hii kompyuta umeivuta?"

"Ya nini kuvuta kitu nisichokitaka?"

"Nenda ukaione. Ukirudi ukisema ni mbovu, mimi mwenyewe nitampakia sanduku la ualimu."

Ijumaa asubuhi nikavaa koti langu la harusi za watu, nikaenda Homa Bay na binti yangu. Njia nzima alishika ile karatasi yake mkononi kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Hakuniomba lolote. Hilo lilinisumbua kuliko kama angelia.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo. Mlangoni akasimama mama mwenye miwani.

"Karibu, mzee. Viatu."

"Viatu vimefanya nini?"

"Vumbi, mzee. Mashine hizi haziwezi vumbi."

Nimefanya kazi na mashine zinazokula vumbi asubuhi mpaka jioni. Mashine isiyoweza vumbi, Homa Bay, mwezi wa Agosti! Lakini nilivua. Soksi ya kulia ilikuwa na dirisha, kidole gumba kikatoka chote kusalimia watu. Binti yangu akatazama ukutani.

Ndani kulikuwa na kompyuta tatu, mbili zimefunikwa vitambaa kama keki, moja tu ndiyo inafanya kazi. Pembeni aliketi mzee mmoja wa rika langu kutoka Mbita, ameshika daftari la shule mapajani. Tukasalimiana vizuri. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki, wanamzika kesho, na yule mama alikuwa akimpigia chapa programu ya mazishi pamoja na historia ya marehemu. Walianza saa mbili. Mzee alilazimika kuondoka na karatasi zake kabla ya saa tisa, apate gari la Mbita.

Nikampa pole, yule mama akarudi kwenye kiti chake kuendelea kupiga. Kisha nikaizunguka ile kompyuta.

"Mafuta yanawekwa wapi?"

"Haitumii mafuta, mzee."

"Inasaga nini?"

"Maneno," akasema, bila kuacha kupiga.

Nikaweka sikio ubavuni. Ilikuwa ikivuma kidogo, kama nyuki mmoja ndani ya debe. Mvumo tu hauniambii kitu. Binti yangu akaona jicho langu likitafuta ukutani, akaanza, "Baba, usi—" lakini mimi nilishafika. Nilifanya nilichofanya kwa kila mashine maisha yangu yote. Nikaizima kwenye soketi.

Ilikufa ghafla. Kioo kikajikunja kikawa nukta moja nyeupe, kisha hata nukta hakuna. Nikatikisa kichwa.

"Hii ni mbovu," nikasema. "Inakufa vibaya. Ndani kuna kitu kimeshika."

Yule mama alikuwa bado ana vidole hewani. "Mzee," akasema polepole, "umezima?"

"Nimeipima."

"Nilikuwa ukurasa wa saba. Sijahifadhi hata mmoja."

Sikujua kuhifadhi ni nini, lakini niliona uso wake, na nyuso nazisoma bila darasa. Mzee wa Mbita alimtazama yule mama, akanitazama mimi, akakitazama kile kioo cheusi.

"Yawa," akasema. "Kwa hiyo kaka yangu amekufa tena?"

Sijawahi kuona aibu kama ile, wala sitaki kuieleza kwa urefu. Nilimwomba radhi yule mzee kwa Kijaluo, nikiwa nimesimama na kidole gumba changu nje.

Yule mama aliwasha mashine, ikachukua muda mrefu kuamka kama mlevi. Akatoa kijidiski cheusi kwenye droo. "Kuna njia," akasema. "Wiki jana nilipiga programu ya mazishi ya mama mmoja wa hapa mjini. Imo humu. Nabadilisha majina na tarehe tu, dakika kumi tumemaliza. Watu wengi hufanya hivyo."

"Basi fanya," akasema mzee. Alikuwa amechoka, hakulala siku kadhaa.

Akaanza kusoma kwenye kioo. "'Marehemu alikuwa mama mpole, mpenda amani, hakuwahi kugombana na jirani. Alijaliwa sauti nzuri na aliongoza kwaya.' Hapa naweka baba."

"Nani?" mzee akauliza.

"Marehemu. Kaka yako."

"Kaka yangu alipeleka majirani watatu kwa chifu! Wawili kwa ajili ya mpaka, mmoja kwa ajili ya bata. Na akiimba, hata mbwa wake mwenyewe walikuwa wanaondoka."

"Mzee, ni programu tu. Watu watajipepea nayo jua likiwa kali."

Mimi nilikuwa nimeapa kunyamaza, lakini hapo sikuweza. "Mama, nisamehe. Kosa ni langu, lakini huyo mtu msimzike. Huyo wa kwaya tayari alizikwa wiki jana. Mzee wa watu aende na bata wake."

Mzee wa Mbita akanitazama mara ya kwanza bila hasira. "Bata nimemwandika," akasema, akigonga daftari. "Ukurasa wa tatu."

"Sawa," akasema mama mwenye miwani, "lakini nani atapiga? Vidole vyangu vimechoka tangu saa mbili, nina wanafunzi saa nane, na hizi ni kurasa nane."

Binti yangu alikuwa amesimama karibu na mlango muda wote. "Nilijifunza taipureta shuleni," akasema. "Naona herufi zimekaa vilevile."

Akaketi. Mzee akasoma daftari lake kwa sauti, yeye akapiga. Mwanzo aliruka ruka, kama injini ya baridi. Baada ya aya ya pili nikafumba macho. Siwezi kusoma vizuri kilichokuwa kwenye kioo, wala sikutaka kujidanganya. Nilisikiliza. Vidole kumi, mwendo mmoja, haukwami wala haukimbii. Mzee alipofika mahali pa bata akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa kiganja, na vidole vikapungua kumngoja, akarudi kwenye daftari, vikaendelea. Mafundi wawili watu wazima niliwafundisha mimi, na hakuna aliyewahi kuijua mashine yake hivyo.

Kila mwisho wa aya alibonyeza alipoonyeshwa, akageuka kunitazama. "Nahifadhi, Baba." Na mama mwenye miwani alikuwa ameleta kiti chake akaketi kati yangu na soketi.

Saa nane kasoro printa ikaanza kulia, karatasi zikatoka. Mzee wa Mbita alisoma yote, kidole kikifuata mstari, akanipa mkono, akampa binti yangu mikono miwili. Akaondoka na kaka yake chini ya kwapa, bata wake na kesi zake zote.

Mama mwenye miwani akafuta miwani kwa kitenge. "Huyu msichana ameandikishwa?"

Binti yangu hakunitazama. Alikuwa akikunja ile karatasi yake vipande vidogo vidogo, kama anayejiandaa kuimeza.

Nilikaa kwenye benchi nikavaa viatu, kwanza cha kulia, kuficha kidole. Nilifunga kamba zote mbili. Nilikuwa nafikiria ile barua ya ualimu na soli yangu iliyoisha.

"Jumatatu atakuja," nikasema. "Nitamnunulia soksi mpya."

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa uani anaanua nguo. Hakuuliza habari ya safari.

"Ehe? Umeivuta?"

"Nimeivuta. Inakufa vibaya sana," nikamwambia. "Lakini imepata dereva."