Mdudu Asiye na Kijiti Mgongoni

Saa moja asubuhi, Jicho ameshatangaza ubingwa. "Mbu wa mikorosho namtambua hata akijifanya amekufa," anamwambia mwandishi wa makala haya, akipita katikati ya miche kwenye kitalu anakokagua majani. Jina la Jicho alijipa mwenyewe. Wenzake wamelizoea kwa kukosa namna.

Huyu mbu hana habari na damu yako. Ni mdudu mwembamba mwenye vipapasio virefu, anayechoma majani machanga kwa mdomo kama sindano na kufyonza utomvu. Anapochoma pananyauka, panabaki doa jeusi. Alama yake ni kijiti kilichosimama mgongoni, chenye kichwa kama cha pini.

"Kijiti kipo, namminya. Hakipo, aende zake kwa amani."

Anageuza jani. Chini yake kimetulia kidudu cha rangi ya chungwa, mgongo laini kabisa. "Mgeni tu huyu," anasema, na kukiacha kiendelee na mambo yake.

Shida ni kwamba wenye vijiti wamekwisha, lakini madoa yanazidi. Lawama zimemwangukia dada mkubwa wa Jicho, anayemwagilia miche na kuitia mbolea ya maji. Msimamizi wa kitalu ameshasema: chanzo kingine kisipopatikana kufikia kesho, dada aweke ndoo chini akae nyumbani.

Dada anaenda kwenye lile jani la mgeni. Anakitia kile kidudu kwenye chupa ya jamu pamoja na jani changa lisilo na doa, anafunika kwa kitambaa. "Mbolea yangu haijaingia humu," anamwambia mdogo wake. "Tuone."

Kesho yake Jicho ndiye wa kwanza kuifikia chupa. Jani lina madoa. Anaiinua juani, anaigeuza, anaiweka chini, anaiinua tena.

"Tulifunga mmoja," anasema. "Sasa wako wawili. Mmoja hana kijiti, mwingine kinaanza kuchomoza. Huyu kaingilia wapi? Au kazaliwa humu? Mbona mtoto kamzidi mama?"

Anafungua kitambaa, anamgusa asiye na kijiti kwa unyasi. Anapeperuka. Ni gamba tupu. Aliyelivua amekaa kando, mmoja yule yule. Kumbe wachanga hutotolewa bila kijiti, kinaota wakishajivua gamba.

Jicho anakalia ndoo. "Basi wale wote niliowaambia waende kwa amani..."

Msimamizi anatazama chupa, anatazama jani, anamwambia dada arudi kwenye maji yake.

Hadi mwandishi anaaga, Jicho ameshapona. Anapanga kuwafundisha wakaguzi wapya, akianza na wale wachanga wa rangi ya chungwa. "Nataka wawe na jicho kama langu," anasema. "Mbolea ya dada sikuitilia shaka hata siku moja. Nilimtetea sana kwa msimamizi."

Nyuma ya safu ya miche, maji yanaacha kumwagika.

"Ulinitetea lini, mdogo wangu?" dada anauliza. "Siku ile ulipompelekea jani ukamwambia mbolea ndiyo inaunguza, mimi nilikuwa nyuma ya tangi."