Kiptanui wa Mashine na Mtaalamu Asiye na Mwiko

Waruguru amenisumbua wiki tatu. Ati niandike habari za Kiptanui kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Nikamwambia, wewe una diploma, baba yako ni mwalimu, mbona msiandike nyinyi? Akasema wakiandika wao itatoka kama ripoti. Hiyo ni kweli. Basi nimeshika penseli, na mtu asinirekebishe. Shule niliiacha darasa la pili kule Cheptais, lakini hoteli yangu hapa Kitale nimeiendesha miaka ishirini na mitano bila kuuliza mtu.

Kiptanui ni mtu wa kwetu mlimani, ila kazi yake ilikuwa Kamukuywa, kwenye mashine ya kusaga mahindi. Gunia alikuwa analibeba kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Sikio la kushoto mashine ilikuwa imeshalimaliza. Kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa hasikii mtu na hakuna mtu anayemsikia. Watu wanaonyesha kwa vidole, saga laini, saga ya kuku, wanaenda. Hata jina hawalijui. "Wewe wa mashine." Kwa hiyo Jumamosi alikuwa anapanda baiskeli, anakuja mpaka kwangu Kitale, unga bado uko kwenye nyusi, ili aongee.

Na alikuwa anaongea kwenye mchezo. Huo mchezo aliuleta Mwalimu Hiram Kinyua, baba ya Waruguru, mwaka wa themanini na sita. Alikuwa ameachiwa kitabu chake na mzungu mmoja wa kujitolea aliyefundisha naye. Hauna ubao wala kete. Mwalimu anasimulia: mko mlangoni mwa pango, kuna kitu kinapumua ndani, mtafanya nini? Kila mchezaji ana mtu wake wa hadithi, anasema huyo mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu, unatia mkono kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo wenye vizibo vya soda, vimeandikwa moja mpaka ishirini. Ukitoa namba kubwa umefaulu. Ukitoa ndogo, pole.

Mtu wa Kiptanui aliitwa Chuma, mpiganaji wa upanga. Mchezaji wa pili alikuwa Mathenge, karani wa ofisi moja ya serikali, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Yeye alichagua mtu wa uchawi. Lakini kwa vile alikuwa mzee wa kanisa hakutaka kuitwa mchawi, akasema aitwe Mtaalamu. Sawa. Mimi nilikuwa napika chai na kusikiliza, na hakuna jambo kwenye ule mchezo nililokosa kuelewa.

Nilielewa hivi. Kwenye kile kitabu, habari za mpiganaji zilikuwa ukurasa mmoja na nusu: anapiga, anapigwa. Habari za Mtaalamu zilikuwa kurasa themanini! Mwenye kusoma amepewa kitabu kizima, mwenye mikono amepewa kona. Mlango ukifungwa, Chuma anajiandaa kuupiga teke, Mtaalamu anasema neno moja, mlango umefunguka. Fisi kumi na wawili wakija, Chuma anachomoa upanga, Mtaalamu amewalaza usingizi. Mto ukifurika, Chuma anajifunga kamba aogelee, Mtaalamu yuko ng'ambo, amepaa, anauliza mbona mnachelewa. Ikafika mahali kazi ya Chuma ni kubeba sufuria na magodoro.

Tena kila wakikomaa kwenye mchezo wanapandishwa cheo. Chuma anaongezewa pigo moja. Mtaalamu anaongezewa maneno kumi. Mimi sikushangaa. Mathenge mwenyewe alipopandishwa cheo ofisini alipewa meza kubwa na mtu wa kumletea chai. Kiptanui alipopandishwa cheo Kamukuywa aliongezewa mashine ya pili ya kuangalia.

Mwalimu Hiram alijaribu kusawazisha. Akampa Chuma upanga unaowaka moto. Mathenge akasoma kitabu, akapata neno la kuwasha upanga wowote. Mwalimu akasema basi maneno ya Mtaalamu yana kiasi, yakiisha siku hiyo yameisha. Mathenge akasema, "Hakuna shida. Tulale." Kwenye hadithi ni saa nne asubuhi! Wamepigana kidogo tu, ati tulale, Mtaalamu aamke na maneno mapya. Nilijua amezoea wapi hayo masaa.

Mwaka wa themanini na tisa, Jumamosi moja mchezo umeisha, Kiptanui akaja jikoni.

"Mama Chemutai, kazi ya kubebea watu mizigo ninayo kule Kamukuywa. Siwezi kupanda baiskeli nije kuifanya tena hapa. Wiki ijayo ni ya mwisho."

"Na Jumamosi utaongea na nani?"

Akafuta unga kwenye nyusi kama mtu anayefuta kitu kingine.

Mimi huwa siachi mteja atoke kwangu hivyo. Jumamosi iliyofuata nilichinja kuku asubuhi, nikamtia jikoni, nikavuta kiti nikakaa kwenye meza yao bila kualikwa.

"Mwalimu, huu mchezo wenu umeharibika na dawa yake ninayo."

"Tuambie, Mama."

Nikawaambia. Mjomba wa mama yangu kule Cheptais alikuwa mtu wa kuzuia mvua ya mawe. Alikuwa anaizuia kweli, mahindi ya jirani yanalala chini, yetu yamesimama. Lakini huyo mzee hakuwa anashika kisu. Hakuwa anakula na watu, wala kuruka mfereji, wala kunywa maziwa ya jioni. Kila akifanya kazi anaongeza mwiko mwingine, na vijana wanamlimia na kumlinda, kwa sababu mwenyewe hawezi hata kujikatia kamba. Tulimwogopa na tulimhurumia, vyote viwili. Hakuna aliyemwonea wivu.

"Huyu wenu," nikasema, "ana nguvu zote na hana mwiko hata mmoja. Huyo si Mtaalamu, huyo ni mwizi. Kuanzia leo, kila neno, mwiko mmoja. Na mwiko ataushika mwenyewe hapa mezani mpaka mchezo uishe, si mtu wa hadithi."

Mathenge akacheka. "Mama, hiyo haiko kwenye kitabu."

"Kitabu kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa jirani na mzuia mvua."

Mwalimu akamwangalia Kiptanui, akamwangalia Mathenge, akasema tujaribu.

Wakaingia pangoni, kuna giza. Mathenge, kwa mazoea, akasema neno la mwanga. Nikaondoa sukari. Akanywa chai chungu, akakunja uso. Wakafika mlangoni; hata Kiptanui hajafungua mdomo, mwenzake ashafungua mlango. Nikamwambia, "Mwiko kukaa." Karani akasimama, na viatu vyake vilikuwa vipya. Mlango wa pili akasita, akabadilisha mguu, akamwangalia Kiptanui.

"Huu si unaweza kuupiga teke, bana?"

"Naweza tangu miaka mitatu iliyopita," Kiptanui akasema. Akatia mkono mkebeni, kumi na sita. Mlango chini.

Ndipo wakafika darajani. Jitu la mawe linavuka kwenda kijijini, na kijiji kimejaa watu. Mwalimu akasema upanga utalichelewesha tu, hautaliua. Mtaalamu ana neno la kuvunja daraja, lakini kulisema mpaka mwisho kunahitaji zamu tatu, na mwiko wake atauchagua Mama Chemutai.

"Kuku," nikasema.

Harufu ilikuwa imejaa hoteli nzima. Mathenge akageuka jikoni.

"Mama, si hata paja moja?"

"Hata mchuzi."

"Karani, amua," Kiptanui akasema. "Mimi nimeshika daraja." Akatoa kumi na moja, akalizuia jitu. Mathenge bado anafikiri. Kiptanui akatoa nne, Chuma akavunjwa mbavu. Mwalimu akasema kwa upole, "Kiptanui, unaweza kukimbia. Hakuna atakayekulaumu."

"Chuma hakimbii. Na wewe Karani, kula kuku wako. Ila ule ukiniangalia."

Watu wa meza nyingine walikuwa wameacha kula. Mathenge akafunga kile kitabu, akafungua tai.

"Naanza neno," akasema. "Kuku basi."

Zamu ya kwanza Chuma akashikilia. Zamu ya pili akashikilia, amebaki na uhai wa kupigwa mara moja tu. Mathenge akawa na silabi ya mwisho mdomoni, akainama kwenye lile sikio zima.

"Kiptanui. Nimalize, au nisubiri utoke?"

Miaka mitatu huyo mtu alikuwa hajamuuliza Kiptanui chochote, isipokuwa kama amebeba kamba. Na jina nilifikiri halijui.

"Subiri. Nilisukume katikati kwanza."

Kizibo cha kwanza, kumi na tano: jitu katikati. Cha pili, cha kuruka, alikitoa ameficha ndani ya ngumi. Akafungua. Kumi na tisa.

"Sasa!" akapiga kelele mpaka sikio langu likauma, na Mathenge akasema neno, na daraja likaenda na jitu lake.

Kuku nilimpakulia Kiptanui. Akasukuma paja upande wa pili wa meza. Mathenge akalirudisha.

"Nimeahidi," akasema, akala ugali mkavu, amesimama. Siku hiyo nilimheshimu kidogo. Kidogo.

Wiki iliyofuata sikuwa nimewasha jiko, Kiptanui alikuwa mlangoni na baiskeli. Hakunisalimu. Aliuliza, "Karani amefika?"

Wamecheza hivyo miaka minane sasa. Lakini kuna shida mpya, na ndiyo maana nimekubali kuandika. Daktari amemkataza Mathenge sukari, nyama na chumvi. Sasa kila Jumamosi anaanza kwa kuacha sukari, halafu nyama, halafu chumvi, maneno matatu ya bure, na Kiptanui ameanza tena kununa. Miiko yangu imeisha. Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa umekula jasho langu: nenda kaulize wazee wa kwenu, uniletee mwiko mmoja unaouma kweli. Andika kwa herufi kubwa. Na uulete kabla ya Jumamosi.