Malewa Kupitia Ukuta wa Mabati

Kama kuna maneno niliyoyachosha maishani mwangu, ni haya mawili: sina nafasi. Mchungaji akinialika kwenye mkutano wa wanaume, sina nafasi. Mke wangu akiniomba twende kwao Nakaloke, karibu na Mbale, tukae japo siku mbili tupumzike, sina nafasi. Mimi ni Mkenya niliyeoa Uganda na kujenga Masese, hapa Jinja, na kwa muda mrefu sana nilikuwa dereva wa lori. Kanisani nilikuwa naingia na ufunguo wa gari mkononi, nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na simu ikitetemeka mfukoni natoka kabla ya baraka. Mke wangu alikuwa akisema Mungu ananijua kwa namba ya gari tu.

Si kwamba sikuwa naomba. Ukiteremka mlima na mzigo mzito, breki zikaanza kunuka, utaomba bila kufundishwa na mtu.

Kisha macho yakakataa. Daktari alinimulika, akanimulika tena, akasema jicho la kushoto limekwisha na la kulia linalifuata polepole. "Mzee, usukani basi," akaniambia. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole ya msiba, na mimi nilirudi nyumbani nikafa kitandani nikiwa hai. Siogopi kusema kwamba nililia. Nilikuwa naitwa Dereva na kila mtu, hata watoto wangu wakinitania, na sasa sikujua niitwe nani.

Nyumbani nikawa kero tupu. Naamka alfajiri, navaa viatu, halafu sina pa kwenda. Nikawa napanga upya sufuria za watu. Nikawa nasimama nje kuwaelekeza majirani namna ya kuegesha pikipiki zao. Siku moja mke wangu akaniambia, "Baba watoto, nakupenda, lakini toka jikoni mwangu kabla sijakumwagia maji."

Kumbe alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, kulikuwa na dereva mwenzangu aliyestaafu, akakaa kitini, akanyamaza, na hakumaliza mwaka. Ya pili ni kwamba ningerudi barabarani kisirisiri, niue watu au nife. Na hiyo ya pili haikuwa ya bure, kwa sababu bwana mmoja wa Mbale mwenye malori alikuwa amenipigia simu. Alikuwa na gari la kubeba vitunguu na mahindi kutoka Nakaloke kuingia mjini na vijiji vya karibu. "Ni njia fupi tu, bwana," akasema. "Nani atakuuliza habari ya macho?" Alinipa hadi Jumapili nimjibu, maana Jumatatu gari lingepakia. Mke wangu aliyasikia yote akiwa amesimama mlangoni.

Jumapili hiyohiyo ilikuwa siku ya akina mama kanisani kwetu. Tuna desturi kwamba siku hiyo mwanamke hashiki hata kijiko. Wanaume ndio wanaopika na kupakua, nao akina mama wanakaa kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa na kutucheka. Lakini kila mwaka wanaume walikuwa wanafanya ujanja: wanaita wapishi wa kukodi, kisha wanavaa aproni safi na kujitokeza na sinia kama kwamba wao ndio waliotoka jasho. Mwaka huu akina mama wakagoma. Walitaka chakula kilichopikwa na waume zao wenyewe, hata kikiwa kibichi.

Ndipo mwenyekiti wa wanaume akaja kwangu. Ni mzee wa Kisoga, alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, na Kiswahili chake ni kile cha Uganda, cha kufika tu. "Dereva," akasema, "mimi nasikia wewe ulikuwa napika kwa njia."

Alikuwa amesikia vizuri. Madereva wa safari ndefu hupika. Jiko la makaa huning'inia chini ya trela, na foleni ya mpakani ikikwama tunasonga ugali palepale pembeni mwa gurudumu. Nikafungua mdomo niseme sina nafasi. Mke wangu akanitazama. Wee! Nafasi nilikuwa nayo mpaka inamwagika.

"Nitapika malewa," nikasema.

Kwa asiyeyajua, malewa ni machipukizi ya mianzi kutoka mlimani, hukaushwa kwa moshi kisha hupikwa na karanga za kusaga, na Wagisu, kabila la mke wangu, hawana chakula wanachojivunia kuliko hicho. Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kutoka Nakaloke kuwa mgeni siku hiyo, nami nilitaka kumheshimu.

"Umewahi kuyapika?" mke wangu akauliza.

"Mama, mimi nimewahi kuchoma kuku juu ya injini."

"Sikuuliza kuku," akasema, akaondoka zake akicheka. Hakunifundisha, sheria ya siku ile ilimkataza, na nafikiri pia alitaka kuona.

Jumamosi nikapanda gari la abiria hadi Mbale. Sokoni nilinunua mafungu ya malewa meusi yenye harufu ya moshi, mwuzaji akaniuliza kama ninajua kuyaandaa, nikamwambia, "Dada, pakia." Kisha, kwa kuwa nilikuwa huko tayari, nikaenda Nakaloke kuliona lile lori. Sitadanganya kwamba nilikwenda Mbale kwa ajili ya malewa peke yake.

Mwenyewe alinipa ufunguo nikapanda. Harufu ya dizeli na viti vya plastiki vilivyopigwa jua ikaniingia, mikono ikaushika usukani, na moyo ukafurahi kabisa. Nikatazama kioo cha pembeni. Kulikuwa na ukungu. Nikatoa mkono dirishani nikakipangusa kwa mkono wa shati, nikatazama tena. Ukungu ulikuwa palepale, na ndani yake kitu kinasogea, na sikuweza kujua ni mtu, ni mbuzi au ni baiskeli. Nikashuka nikamwambia mwenye gari nitampigia kesho.

Jumapili asubuhi tukakusanyika nyuma ya kanisa, kwenye jiko la mabati matupu, wanaume wazima na aproni za wake zetu. Palikuwa na mwalimu aliyekuwa akimenya matoke kwa kisu kama anachonga penseli, na mvuvi mmoja aliyeogopa vitunguu. Nikashika uongozi. Nilianza kupiga amri kama niko kwenye bandari kavu: wewe kuni, wewe maji, haraka, haraka! Sasa, Waganda wa umri wetu Kiswahili cha kuamrisha walikisikia zamani kwa askari, na hawajakisahau. Mwalimu akapiga saluti na kisu mkononi. "Ndiyo, afande!" Wote wakaangua kicheko, na tangu hapo jikoni nikawa Afande.

Mwenyekiti akanivuta kando. "Dereva, polepole," akasema. "Hapa hakuna mzigo wa kufikisha. Sisi nacheza tu, na Bwana anatuangalia."

Nilicheka kwa adabu, lakini lilinichoma. Tangu ujana wangu sikuwahi kufanya kitu ambacho hakikuwa na mzigo wa kufikisha.

Basi, nikayashughulikia malewa yangu. Nilichemsha maji, nikakoroga karanga za kusaga, nikatia chumvi, na yale malewa nikayatumbukiza yalivyo, makavu kama yalivyotoka sokoni. Yalichemka muda mrefu. Harufu ilikuwa nzuri. Kanisani waliimba, wakaomba, mchungaji akapanda kuhubiri, na sisi tukaamua kuonja. Mwenyekiti akapewa heshima ya kwanza. Akatafuna. Akatafuna. Akaacha kutafuna, akatutazama, akaendelea. Hatimaye akakitoa kile kipande mdomoni kikiwa kizima.

"Banange, jamani," akasema. "Hii ni kiatu."

Nikaonja mwenyewe. Yalikuwa magumu kama ukanda wa ndara, machungu, na moshi wake ulipanda hadi puani. Jasho la aibu likanitoka. Mama mkwe ameketi mbele kanisani na kitambaa chake kipya, na mimi nimempikia ndara.

"Mchungaji aongeze mahubiri!" mvuvi akasema. Mwenyekiti mwenyewe akaenda kwa kunyata hadi mlango wa pembeni, akamnong'oneza. Tukasikia kwa kipaza sauti: "Ndugu zangu, nilikuwa namaliza, lakini nimeombwa niendelee." Hakusema ameombwa na nani. Nadhani ni mara ya kwanza duniani kwa chama cha wanaume kuomba mahubiri marefu.

Sikuwa na budi ila kumtumia mke wangu ujumbe wa simu amuulize mama yake nimekosea wapi. Nilitarajia jibu kwa simu. Badala yake nikasikia viatu vikija upande wa pili wa mabati, vikasimama, na mtu akakohoa.

Hapa lazima nieleze. Kwa mila ya Wagisu, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakionana njiani mmoja wao huacha njia. Mama yule nilimheshimu toka nilipooa, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu ya mbali. Sasa kati yetu kulikuwa na bati moja lenye matundu ya misumari.

"Mkwe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Uliyaloweka?"

"Kuyaloweka?"

Nikamsikia akivuta pumzi. Alikuwa amefanya biashara mpakani ujanani, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanaume wote niliokuwa nao. "Toa yote," akasema. "Osha. Chemsha peke yake mpaka yalegee, maji yale mwaga. Kisha anza karanga mpya. Na uache kuwapigia watu kelele, tunakusikia mpaka ndani."

Wanaume wakashika midomo. Tukafanya alivyosema, na yeye hakuondoka. Aliletewa kiti, akaketi nyuma ya bati akituamuru, na mahubiri yakaendelea, na kwaya ikaimba nyimbo zake zote, kisha ikazirudia.

Malewa yalipolegea, nikaanzisha mchuzi mpya. Mchuzi wa karanga ukiuacha kidogo tu unashika chini, kwa hiyo nilisimama juu yake na mwiko. "Mama," nikasema, "nitajuaje uko tayari? Mvuke umenifunika, sioni rangi."

"Usitazame," akasema. "Sikiliza. Sasa unachemka kwa sauti ya maji. Ukiiva utakuwa na sauti nzito, na mwiko utakuwa mzito mkononi. Mimi mwenyewe macho yangu yamekwisha siku nyingi. Nani kakuambia chungu kinataka macho?"

Nikakoroga. Nikafumba macho kabisa, kwa mara ya kwanza bila kuogopa. Karibu yangu wanaume walikuwa wakibishana jinsi ya kufunga majani ya ndizi, wakitaniana, hakuna aliyekuwa akikimbilia popote. Nikajiona nina furaha, na nikashangaa, maana sikuwa nimefanya lolote la kustahili.

"Binti yangu amenieleza habari ya lori la Nakaloke," sauti ikasema, chini sasa, kwa ajili yangu tu. "Hiyo barabara, wajukuu wangu huivuka wakienda shule. Tena hata mimi, bibi yao, huivuka."

Nilikumbuka kile kitu kilichokuwa kikisogea kwenye kioo. Na hapohapo, kama mtu aliyekuwa amepanga, simu ikatetemeka mfukoni. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye mwiko.

"Haya, Dereva," akasema yule bwana wa Mbale. "Gari linapakia kesho. Uko tayari?"

"Ndugu yangu," nikamwambia, "sina nafasi."

"Huna nafasi? Si umestaafu wewe?"

"Niko na sufuria. Tafuta mtu mwingine, mwenye macho." Nikazima simu, nikaitia mfukoni.

Upande wa pili wa bati mama mkwe akasema, "Sikusikii ukikoroga."

Nikakoroga. Machozi yalikuwa yakinitoka nikasingizia moshi, na mwalimu akasema, "Afande, moshi naenda upande ile ingine." Mwiko ukawa mzito, sauti ikabadilika, nikalisema hilo kwa kelele, na kutoka nyuma ya mabati nikasikia makofi ya mikono miwili mizee.

Akina mama walikula mpaka wakalegeza mikanda. Mimi nilijificha jikoni kama mila inavyotaka, sahani ya mama mkwe nikaipakua mwenyewe na kuipeleka kwa mkono wa mwenyekiti. Ilirudi tupu. Ilirudi na mke wangu.

"Mama anauliza kama yamebaki," akasema.

Nikaijaza tena. Yeye hakuipokea. Alikuwa akinichunguza uso. "Yule mtu wa Mbale alipiga?"

"Alipiga."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sina nafasi."

Mke wangu alikuwa ameyasikia maneno hayo kwangu toka tulipooana, na mara nyingi aliyeambiwa alikuwa yeye. Akaketi juu ya gunia la matoke, sahani ya mama yake mapajani, akalia na kucheka kwa pamoja, na bila kujua akaanza kula yale malewa kwa vidole mpaka yakaisha.